Linalia Lini?

Mwanamke aliyezoea jiko lake hahitaji kufunua sufuria ili ajue kuwa wali umekauka maji. Mchemko hubadilika sauti, ukatulia, kisha ukaanza kukwaruza chini, naye hupunguza moto bila kukatiza mazungumzo yake. Hodi ya jirani huitambua kabla ya jina kutajwa, na kilio cha mtoto mwenye njaa hakichanganyi na cha mtoto mwenye usingizi. Kusikia huku ni elimu, ingawa hakuna aliyetupa shahada yake. Ajabu ni kwamba tukifika penye gari, elimu hiyo hiyo twaambiwa tuiweke kando, kwa kuwa gari ni mambo ya wanaume na fundi ndiye ajuaye. Nataka kusema na dada zangu, hasa wale ambao riziki ya nyumba zao imo katika pikapu ya samaki, ya mboga au ya maji: mlio wa chini ya gari si lugha ya siri, na mwenye sikio la jikoni anaweza kuufuata mpaka mlangoni kwake.

Pikapu ya nyumbani kwetu Likoni ni mirathi. Marehemu mume wangu aliinunua ikiwa imeshatumika, akaifanyisha kazi ya kubeba embe na madafu kutoka Msambweni hadi soko la Kongowea. Alipofariki, sisi wenye haki, yaani mama mkwe wangu, mimi na watoto, hatukuiuza. Tulikubaliana ibaki kazini, iendeshwe na shemeji yangu kwa ujira wake, na kinachobaki kigawanywe kwa hisa. Wanangu wawili hawajabaleghe. Kwa hivyo kila shilingi inayotoka kwa ajili ya gari lile, sehemu yake ni mali ya mayatima, na mimi ndiye niwekaye daftari.

Mwezi wa Disemba, msimu wa embe ukiwa umepamba moto, gari likaanza kugonga. Ko! Mara moja, kwa uzito, kama mchi ulioangukia kinu kitupu. Shemeji akalipeleka gereji aliyoizoea. Fundi akaliinua kwa jeki, akatikisa gurudumu moja baada ya jingine, akatoa hukumu: shoki zimekufa, zibadilishwe zote nne, shilingi 26,000 pamoja na kazi. Shemeji akaja kwangu kuchukua pesa, maana ndiyo desturi tuliyojiwekea: anayeendesha hashiki sanduku, na anayeshika sanduku haendeshi.

Nikamwuliza, "Shemeji, amekuonesha?"

"Kunionesha nini? Fundi amesema."

"Mimi sisemi shoki si mbovu. Nasema hatujaoneshwa. Pesa hizi ni za watoto."

Alinyamaza. Ni mtu muungwana, lakini nilijua neno lile limemchoma. Kesho yake alikuwa na safari za kulipwa, na embe zilizochumwa hazisubiri. Zikilala siku mbili katika joto la kaskazi, faida imeshageuka chakula cha mbuzi. Nilipoomba gari lisitoke mpaka tujue kinachogonga, mama mkwe aliniuliza kwa upole wake kama niko radhi kubeba hasara ya mzigo ule. Nikasema niko radhi. Hakika yangu ilikuwa moja tu: Jumapili iliyotangulia tulikuwa tunarudi shamba, mimi nimekaa upande wa kushoto na kitinda mimba wangu ubavuni, na kila ilipolia ile Ko niliisikia kwa nyayo kabla ya kuisikia kwa masikio.

Kwanza tuliondoa kelele za bandia. Tulitoa jeki, spana, mnyororo, na debe la misumari ambalo hakuna aliyekumbuka lilivyofika nyuma ya kiti. Tukakaza gurudumu la akiba, ambalo katika pikapu nyingi huning'inizwa chini ya bodi, nalo likilegea hugonga kiasi cha kumtia mtu hofu. Tukatikisa mlango wa nyuma wa bodi, kisha bomba la moshi, gari likiwa limepoa. Kelele ikapungua nusu. Watu wangapi wamenunua spea kwa ajili ya jeki iliyolala vibaya, Mungu ndiye ajuaye.

Hapa yafaa nieleze kilichoko chini. Nyuma ya pikapu, aghalabu, pana springi za majani: vyuma virefu vilivyopinda, vimepangwa kimoja juu ya kingine, vikafungwa kwenye ekseli kwa yubolti. Ni ufundi wa tangu enzi za magari ya farasi. Hilux ya kwanza ya mwaka 1968 ilikuwa nao, na pikapu nyingi za leo bado zinao kwa kuwa hakuna kitu rahisi kinachostahimili mzigo kama huo. Mbele mambo ni tofauti. Kila gurudumu hushikwa na mikono miwili ya chuma, wa juu na wa chini, na ncha ya kila mkono ina boljointi. Boljointi ni mfano wa nyonga ya mtu: kichwa cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe, kimefunikwa kwa raba ili vumbi lisiingie. Upande wa pili, mkono unapoungana na chasisi, pana bushi, vipande vya raba vinavyofanya kazi ya gegedu la goti. Ama shoki, hiyo haibebi mzigo, ijapokuwa wengi hudhani ndiyo ibebayo. Mzigo hubebwa na springi. Shoki kazi yake ni kuituliza springi ikishatikiswa, isiendelee kurukaruka. Ndipo nikatia shaka juu ya hukumu ya zote nne kwa pamoja. Mlio wetu ulikuwa mmoja, wa upande mmoja.

Basi fundi akisema "gari linalia", au mume au mwana akisema hivyo, swali la kwanza lisiwe linalia nini. Liwe linalia lini? Sauti zafanana, na kila mtu huziigiza kwa mdomo wake. Mmoja husema ko, mwingine tak, na wote wanasimulia kitu kimoja. Lakini wakati haufanani. Gari likilia kwi-kwi linapopanda tuta pole pole, zaidi siku za ukavu, na mvua ikinyesha likanyamaza, hiyo ni raba iliyokauka au majani ya springi yanayosuguana. Ukitaka kujua ni bushi ipi, mimina maji kidogo juu ya moja, mtu alibonyeze gari, sikiliza. Kisha nenda ya pili. Itakayonyamaza ndiyo yenyewe. Usikubali mtu aipake mafuta ya injini, kwani mafuta hulainisha raba leo na kuila kesho.

Likitetemeka kwa milio midogo ya haraka kwenye barabara ya vijiwe, na kwenye tuta kubwa lisiseme kitu, huenda ni fito ndogo za stabilaiza, zile zinazozuia gari kulala ubavu kwenye kona. Spea hiyo si ghali, nayo huvuma kuliko thamani yake. Likigonga mara moja unapoondoka na mara moja unapofunga breki, jua kuna kitu kinachosogea mbele na nyuma: bushi ya mkono wa chini, au yubolti zilizolegea, au msalaba wa propela. Yubolti zina alama yao. Pale chuma kinaposuguana na chuma pana mstari wa vumbi jekundu la kutu, au pamesuguka pakang'aa ilhali pengine pote pamechakaa. Alama hiyo huonekana kwa macho tu, tochi mkononi, bila spana yoyote. Nayo si ya kupuuzwa: yubolti zikilegea, ile bolti ya katikati inayoyashika majani huweza kukatika, ekseli ikahama mahali pake, na gari likaenda upande kama kaa.

Tena uulize: lina mzigo au tupu? Pikapu tupu hurukaruka na kulialia nyuma kwa sababu springi zake ziliundwa kwa uzito ambao siku hiyo haupo. Zikitulia likipakiwa, aghalabu hapana la kuhofia. Lakini lile lisilolia tupu na likagonga likipakiwa, yamkini ekseli inapiga raba ya kugotea kwa kuwa springi zimelala, au ni mzigo wenyewe umepita kiasi. Hilo la pili halina dawa gereji. Ama mvumo unaopanda kadiri mwendo unavyopanda, kama nyuki ndani ya mtungi, huo utafute kwenye tairi na beringi za magurudumu.

Tulifanya hivyo kwa gari letu. Nilichora karatasi yenye safu, kama ninavyofanya daftari la mauzo, na shemeji, ingawa bado amenuna kidogo, akaendesha kwa mwendo wa mtu atembeaye katika njia ya mtaani kwetu, madirisha wazi, kando ya ukuta wa mawe. Ukuta huirudisha sauti, na mlio wa upande ule husikika kama umewekwa mezani. Moja kwa moja: kimya. Tuta dogo: kimya. Kona ya kushoto: kimya. Kona ya kulia huku akigusa breki: Ko! Tukarudia mara tatu, na mara tatu ikajibu. Shemeji akazima injini, akanitazama. Akasema, "Ndivyo inavyofanya nikiteremkia feri, nikikata kulia kuingia foleni." Alikuwa akijua siku zote, hakuna aliyemwuliza.

Gari likikata kulia, uzito hulalia kushoto. Breki zikifungwa, uzito huja mbele. Kwa hivyo gurudumu lililokuwa likilalamika ni la mbele kushoto, lile lililokuwa chini ya miguu yangu. Na shoki je? Tukabonyeza kona ile ya gari kwa nguvu zetu mbili, tukaachia. Ikapanda, ikashuka, ikatulia. Shoki iliyokufa huliacha gari likicheza kama dau kwenye mawimbi. Tukaangalia mwili wake: mkavu, hauna mafuta yaliyovuja. Nakiri kipimo hiki si cha kukata shauri, kwa maana springi ngumu ya pikapu yaweza kuificha shoki dhaifu, lakini kilitosha kunizuia kutoa 26,000 siku ile.

Tulimwita fundi mwingine, mzee aliyekwisha kuacha kazi ya kila siku, ambaye hukaa chini ya mwarobaini na kutengeneza gari moja akipenda. Alipoisoma ile karatasi hakusema kitu. Akaweka jeki, lakini si pale alipoiweka yule wa kwanza. Wa kwanza aliinua gari kwa chasisi. Mzee aliiweka chini ya mkono wa chini wenyewe, karibu na gurudumu. Nikamwuliza kwa nini, naye akanieleza kama mtu anayefundisha chuoni. Katika magari ya muundo kama wa letu, springi husukuma mkono wa chini. Ukiinua chasisi, mkono huning'inia na springi ingali inausukuma, na kichwa cha boljointi hubanwa ndani ya kikombe chake. Tikisa utakavyo, hutahisi kitu. Ukiinua mkono wenyewe, ule msukumo huondoka juu ya kiungo, nacho husema kweli.

Akaingiza mtaimbo chini ya tairi, akanyanyua taratibu. Gurudumu likapanda peke yake, mkono ukibaki chini. Likashuka. Tak. Mwanya wenyewe haukuzidi upana wa punje mbili za mchele. Akamwita shemeji aweke kidole juu ya kiungo, akanyanyua tena, na nikauona uso wa shemeji ukibadilika. Ili asiitie hatiani boljointi kwa kosa la beringi, mzee alimwambia mwanangu mkubwa akanyage breki na kuishikilia, akalitikisa gurudumu upya, mkono mmoja juu na mmoja chini. Mwanya ungalifungika, ingekuwa beringi. Haukufungika.

Raba ya boljointi ilikuwa imepasuka nyuma, mahali pasipoonekana mpaka ulale chali. Ndani mlikuwa na uji wa kahawia, grisi iliyochanganyika na mchanga na maji. Sisi watu wa pwani twapaswa kulitazama hili zaidi ya wenzetu wa bara. Upepo wetu una chumvi, barabara zetu za mashamba ni mchanga, na magari ya Likoni hukanyaga maji ya bahari pale yanapoteremkia feri. Kuoshwa chini kwa maji baridi mara kwa mara kunalifaa gari kuliko kung'arishwa bodi.

Nilimwuliza mzee lingetokea nini lau lingeachwa. Akageuza kiganja chake, kilichokuwa kimesimama, kikalala. "Gurudumu hulala hivi. Bodi ikalikalia tairi. Usukani utakuwa nao mkononi, lakini hauendeshi kitu." Likitokea kwenye foleni ya feri ni aibu na gharama ya kuvutwa. Likitokea kwenye barabara ya Lunga Lunga, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, mbele yako basi, sina haja ya kumaliza sentensi.

Boljointi ya kulia haikuwa na mwanya, ila raba yake ilikuwa imeanza kuchanika, nasi tukabadilisha zote mbili, pamoja na bushi mbili za mkono wa kushoto zilizopasuka. Niliketi kwenye kigoda nikatazama mwanzo hadi mwisho, na mambo mawili yalinivutia. La kwanza, kila nati ya boljointi ilifungwa kwa pini mpya, wala si kwa msumari uliopindwa, kama nilivyouona ukitoka katika ile ya zamani. La pili, bolti za bushi hakuzikaza mpaka gari lilipokanyaga chini kwa uzito wake wote. Ukizikaza gurudumu likiwa linaning'inia, raba hushikwa ikiwa imejisokota, na kila siku ya kazi huivuta mpaka ichanike. Pengine ndiyo sababu ya zile bushi ambazo watu husema "zimebadilishwa juzi tu, tayari zimeisha". Baadaye tukalipeleka gari kupimwa alaimenti, maana kiungo kipya husogeza gurudumu kidogo, na tairi lililokaa upogo huliwa upande mmoja.

Yote kwa yote ilitoka shilingi 13,700. Nimeiandika katika daftari, na chini yake nikaandika hasara ya embe, ambazo tuliziuza kwa bei ya kutupa kwa mama mmoja apikaye achari. Nilitoa hasara ile kutoka fungu langu kama nilivyoahidi. Mama mkwe alipokea nusu, nusu akanirudishia mkononi akakifunga kiganja changu, wala hatujalizungumza tena.

Yule fundi wa kwanza simwiti mwongo. Alitikisa, hakuhisi, na mteja alikuwa amesimama juu yake ana haraka ya kuwahi mzigo. Shoki ni jibu ambalo halimgombanishi mtu. Lakini kama ungali na pesa mkononi, mwambie kwa adabu, "Fundi, nami nishike nihisi." Fundi mwenye hakika yake hafichi kidole chako. Ikiwa ni boljointi, mwanya utahisika. Ikiwa ni shoki, utaona mafuta au utaliona gari likiyumba. Ikiwa ni bushi, mtaimbo utaifunua raba iliyopasuka. Akisema ni kitu kisichoweza kuonekana wala kuguswa, lipe gari siku moja zaidi na karatasi yenye safu.

Shoki zile zile nne zingali kazini. Shemeji sasa ana desturi ya kukaza yubolti siku chache baada ya kila kazi iliyozigusa, na mwisho wa mwezi hulala chini ya gari na tochi akitazama raba, mwanangu mkubwa akiwa pembeni yake na daftari dogo. Umebaki mlio mmoja, kwi-kwi ya majani ya springi ya nyuma, kulia, gari likirudi tupu jioni na kuvuka tuta la kwenye kona yetu. Tumeumiminia maji, tumeuchunguza, na mzee wa mwarobaini amesema hauna madhara. Kuufungua na kuusafisha ni kazi ya siku nzima, nasi tumeuacha mpaka msimu wa embe upite.